Roma: tulilipia kukaribishwa nyumbani kwa watu, tukakabidhiwa kwa mpiga debe

Wakuu, mniwie radhi, wiki imepita na hasira haijaisha.

Mimi na mke wangu tulikuwa Roma. Kabla ya safari tulinunua mtandaoni kitu kinaitwa "jioni na familia ya Kirumi": mnapika na wenyeji, mnakula mezani kwao. Euro 85 kwa kichwa. Kwenye tangazo kuna picha ya bibi wa watu, unga hadi viwikoni, wajukuu wamemzunguka.

Saa moja jioni kijana mwenye kibendera akatukusanya watu kumi na wanne, akatukokota hadi uchochoro mmoja nyuma ya Piazza Navona. Mlangoni kasimama mpiga debe na menyu ya mapicha. Hapo hapo nikajua tumeshapigwa. Nyumba hakuna. Bibi hakuna. Kulikuwa na binti kavaa aproni, akampa kila mtu donge la unga alikande dakika kumi, kisha madonge yakakusanywa. Yalikoishia sijui, maana kilicholetwa mezani ni tambi za paketi.

Eti cacio e pepe. Chakula hiki kina vitu vitatu tu: tambi, pilipili manga na pecorino, jibini ya maziwa ya kondoo. Uzito wa rojo unatokana na yale maji yaliyochemshia tambi, yakikorogwa na jibini. Ya kwetu ilikuwa inaogelea kwenye krimu. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno, aliinua uma, akaitazama krimu inavyochuruzika, akaurudisha chini.

Sasa sikieni. Kwa Waitaliano ukishakaa, meza ni yako, na bili haiji mpaka uiombe. Ndiyo adabu yao. Sisi ililetwa tukiwa bado tunatafuna, kwa sababu kundi lingine lilishapanga foleni mlangoni. Na bili ya nini, ilhali tulishalipa? "Coperto", yaani hela ya kukalia kiti, euro 4 kila mtu, na maji euro 5 kwa chupa. Mkoa wa Lazio, ambao Roma imo ndani yake, ulipiga marufuku coperto kwa sheria ya mwaka 2006! Mkate wanaweza kutoza, mradi uwe kwenye menyu. Na maji yanamwagika bure mtaani kwenye mabomba ya chuma wanayoyaita nasoni: unaziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu, unakunywa.

Nikadai risiti halali, nikapewa kikaratasi cha kalamu. Nilipaswa kupiga 117 palepale, namba ya Guardia di Finanza, polisi wao wa mambo ya fedha na kodi, lakini nilikuwa nimechoka na nina aibu.

Kesho yake ndiyo iliniuma zaidi. Soko la Testaccio, mzee mmoja anamenya artichoki kwa kisu kifupi, anazitumbukiza kwenye maji ya limau. Tulisimama kutazama tu. Akatukatia kipande cha pecorino, akatuonyesha kwa mikono namna ya kushika kisu, akacheka nilivyokishika. Hela akakataa.

Kampuni niliiandikia. Imejibu kwamba "nyumbani" kwenye tangazo lilimaanisha mazingira ya kinyumbani. Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kupitia benki ya kadi yake? Alianzia wapi? Picha ya kile kikaratasi ninayo.