Dirisha, LED nyeupe, LED ya zambarau au taa za tyubu: ipi inafaa mimea inayokula wadudu?

MlangoWaMashariki

Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie kuchagua, maana jambo hili nimehangaika nalo mwezi mzima na mimea inazidi kudhoofika.

Nina Dionaea moja (ile yenye mitego inayofumba), Drosera capensis mbili (zenye vinywele vya matone ya kunata kama umande), Nepenthes changa inayotoa mitungi kwenye ncha za majani (chotara, aliyenipa hakujua jina lake) na Pinguicula ya Meksiko, yenye majani ya kunata. Zote ziko dirishani upande wa mashariki. Jua linaingia saa 1 asubuhi, likifika saa 4 limeshatoka, na baada ya hapo ni mwanga wa kawaida wa chumbani. Maji ni ya mvua, udongo ni piti (mabaki ya mimea ya kinamasi) na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe) bila mbolea, kwa hiyo huko sidhani kama kuna kosa.

Dionaea imetoa majani marefu, membamba, yaliyolala chini, na mitego yake ni midogo ya kijani kitupu. Drosera hazina umande wa maana. Nepenthes ina majani mazuri tu, lakini ncha zake zinakauka kabla ya kuvimba kuwa mtungi. Ni Pinguicula peke yake isiyo na neno. Nimekuwa nikiilisha Dionaea nzi kila wiki nikidhani ina njaa; haikusaidia.

Njia ninazozifikiria ni nne: nibaki dirishani ila nihamie upande wenye jua zaidi, ninunue LED nyeupe, ninunue LED zile za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya mimea, au nichukue taa za tyubu za zamani ambazo rafiki yangu anaziondoa kwake. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Bi_Mizizi

Kwanza acha nzi, ndugu yangu. Mdudu haupi mmea nguvu. Anaupa naitrojeni na fosforasi, vile vitu ambavyo mimea mingine huvivuta udongoni. Sukari, ambayo ndiyo chakula chenyewe, inatoka kwenye mwanga. Kuulisha nzi mmea ulioko gizani ni kama kumwekea chumvi mtu asiye na ugali.

Halafu kumbuka mtego ni jani. Jani likishageuzwa kuwa mtego au mtungi, usanisinuru wake unapungua, kwa hiyo mmea unalipa kwanza ndipo uvune. Mwaka 1984 mwanasayansi wa mimea Thomas Givnish na wenzake waliipiga hesabu hiyo: kula wadudu kunalipa pale penye jua jingi, maji mengi na udongo maskini. Ondoa jua, na mtego unagharimu kuliko unacholeta. Ndiyo maana Nepenthes yako ina majani bila mitungi. Haiumwi, imebana matumizi.

FundiTaa

Nimetumia zote nne kwa nyakati tofauti, nikueleze nilivyoziona.

Dirisha. Watu hulaumu kioo, lakini kioo kisafi hakizuii sehemu kubwa ya mwanga ambao mmea unautumia. Tatizo ni ukuta. Mmea ulioko nje unaona anga lote. Wa dirishani unaona kipande tu, na jua likipita pembe ile siku imekwisha. Saa tatu za jua la asubuhi zinaitosha Pinguicula, na Nepenthes nyingi zitavumilia. Dionaea hazitoshi hata kidogo. Ukipata dirisha lenye jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi, hapo tunaweza kuzungumza.

Tyubu za floresenti. Nazipenda, sitasema uongo. Mwanga wake unatandaa sawasawa, joto lake ni la wastani, na watu wamekuza Drosera nzuri sana chini yake kwa miaka mingi kabla LED hazijafika. Lakini lazima zikae karibu, sentimita 15 hadi 20 juu ya majani, na moja haitoshi. Weka mbili mpaka nne sambamba. Udhaifu wake ni kwamba zinazeeka kimyakimya. Jicho lako linaona taa inawaka vilevile, kumbe mwanga umeshuka. Kama hizo za rafiki yako zimetumika miaka, utakuwa unarithi taa iliyochoka. Na zina zebaki ndani, usizivunje wala kuzitupa ovyo.

LED nyeupe. Hii ndiyo ningechukua leo. Kwa umeme uleule inatoa mwanga mwingi kuliko tyubu, inadumu, na unaiona mimea kwa rangi zake halisi. Iwe ya kelvini 4000 au 6500 (kipimo cha weupe wa mwanga, kuelekea njano au bluu) si hoja kubwa, mimea inakubali zote. Angalia wati inazokula kweli, zile za ukutani, maana kwenye maboksi utakuta imeandikwa "wati 1000" kwa taa inayokula 100. Chagua taa ndefu ya mstari au bapa pana badala ya balbu moja. Balbu ndogo ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unabaki robo; bapa pana halishuki haraka hivyo ukiwa karibu nalo.

Zambarau inafanya kazi. Mimi siishauri.

Balbu za waya hukuziuliza, na vizuri. Karibu umeme wote zinageuza kuwa joto.

JaniBichi

FundiTaa kaka, hapo kwenye zambarau umewahi kidogo. Nyekundu ya nanomita 660 hivi (urefu wa wimbi la mwanga) na bluu ya 450 ndizo klorofili inazozinyonya zaidi. Mimi Drosera zangu zimekaa miaka miwili chini ya zambarau, zinachanua, zina umande. Kwa nini mtu alipie kijani ambayo jani linairudisha?

FundiTaa

JaniBichi, sikatai kwamba zako zimekua. Ila jani halirudishi kijani yote, linarudisha sehemu ndogo tu. Inayobaki inapenya ndani zaidi ya jani kuliko nyekundu na bluu, na inatumika huko. Hilo la kwanza.

La pili ndilo linalonikera zaidi: chini ya zambarau huoni ugonjwa. Ukungu, vidukari, jani linaloanza kugeuka manjano, vyote vinaonekana weusiweusi. Kwa mimea hii rangi ndiyo lugha yake ya kukwambia hali ilivyo, na taa hiyo inaifuta. Kwa mtu anayeanza, ambaye bado anajifunza kuisoma mimea, naona ni hasara kubwa. Wewe una uzoefu, unajua cha kutafuta.

JaniBichi

Hilo la kuficha magonjwa nakubali. Nami kila nikitaka kuikagua nazima taa na kuwasha ya chumbani. Kama mtu anayo tayari asiitupe, lakini kwa anayenunua sasa, sawa, nyeupe.

Mzee_Kinamasi

Vijana mmejadili taa vizuri, lakini naona mmeiruka njia ya tano. Mwenzetu, huna hata kibaraza kidogo?

Dionaea kwao ni sehemu moja tu duniani, tambarare za pwani za North Carolina na South Carolina kule Marekani. Ni nyasi zenye maji chini na misonobari iliyotawanyika juu, na moto hupita mara kwa mara na kufyeka vichaka. Moto usipopita, vichaka vinaifunika na inakufa kwa kivuli. Huo ni mmea wa jua kali. Sarracenia, ile mimea yenye mitungi iliyosimama wima, nazo vivyo hivyo. Jua la adhuhuri la siku isiyo na mawingu linafika takriban maikromoli 2000 kwa mita ya mraba kwa sekunde, ndicho kipimo cha mwanga ambao mmea unautumia. Taa ya nyumbani inayotoa 300 mtu anaisifu. Umeona pengo lilivyo?

Kama una mahali nje penye jua, peleka Dionaea na hata Drosera capensis, sahani ya maji isikauke, utasahau habari za taa. Lakini usizitoe leo na kuziacha juani kutwa. Majani yaliyolelewa ndani yatababuka. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Majani ya zamani mengine yatakufa hata hivyo, tazama mapya.

Na kamwe usiweke tangi la kioo lililofungwa juani. Niliwahi kuchemsha Heliamphora, mmea mwingine wa mitungi, namna hiyo kwa alasiri moja, na ule ni mmea wa vilele vya milima ya Venezuela, umezoea baridi. Bado inaniuma.

Umande_wa_Usiku

Mzee shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu Dionaea, ila naomba tusiweke mimea yote hii kapu moja. Drosera adelae, prolifera na schizandra zinatoka misitu ya mvua ya Queensland, chini ya miti. Ukizipeleka kwenye jua la mchana unaziua. Nepenthes ampullaria nayo huota kivulini, na mitungi yake hupokea majani makavu yanayodondoka kutoka juu. Ndani ya jenasi (kundi la mimea ya ukoo wa karibu) moja tu kuna wapenda jua na wapenda kivuli.

Kwa mimea ya MlangoWaMashariki mimi ningepanga hivi: Dionaea na capensis zipate mwanga mkali kuliko zote, Nepenthes mwanga mwingi uliochujwa na pazia jepesi au neti ya kivuli, Pinguicula ibaki ilipo. Mbona imeshasema inaridhika?

Jambo lingine, wekundu. Watu wanatumia wekundu kama kipimo, na mara nyingi unafaa, kwa sababu mwanga mkali huamsha ile rangi ya anthosianini. Lakini kuna Dionaea za kijani kitupu kwa asili yake, na kuna capensis nyeupe ambayo haitakuwa nyekundu hata uiweke jangwani. Mimi naangalia umbo. Jani la Dionaea likiwa fupi na pana kiasi, mtego mkubwa na unafunga upesi, basi mwanga unatosha. Drosera ikiwa na tone kwenye kila unywele, inatosha. Na mwanga ukizidi utaona pia: Nepenthes majani yote yanageuka mekundu au yanapauka na kudumaa.

MlangoWaMashariki

Asanteni sana wote. Shikamoo mzee Kinamasi. Kibaraza sina, ningekuwa nacho nisingeuliza. Basi nimeamua LED nyeupe, bapa moja la wati 40 za kweli. Nitalining'iniza umbali gani, na niwashe kwa saa ngapi kwa siku? Simu yangu ina programu ya kupima luksi (mwangaza kwa jicho la binadamu), inaaminika?

FundiTaa

Ya simu itumie kulinganisha sehemu moja na nyingine, usiichukulie namba yake kama hukumu. Kihisio cha simu kimewekwa kurekebisha mwangaza wa skrini, na kila simu ina lake.

Ukishapata luksi chini ya LED nyeupe, gawanya kwa 70 hivi utapata maikromoli kwa makadirio. Luksi 14,000 ni kama maikromoli 200. Sasa zidisha na muda: 200 kwa sekunde, kwa saa 14, ni moli 10 kwa siku. Hapo ndipo taa inapolifidia jua. Haina ukali wake, lakini haina wingu wala jioni. Dionaea na capensis mimi nazilenga moli 10 hadi 20 kwa siku. Pinguicula inapendeza hata kwa 5.

Kwa bapa la wati 40 anza sentimita 30, washa saa 14, kisha shusha sentimita chache kila wiki hadi uridhike na majani mapya. Nunua taima. Ukitegemea kukumbuka utaharibu, na mimea inahitaji giza kila siku kwa saa zilezile. Dionaea na Drosera ziweke katikati chini ya taa, Nepenthes pembeni, mwanga ni hafifu huko.

Mzee_Kinamasi

Marahaba wanangu. Niongeze moja, kwa sababu taa inawafanya watu wasahau: Dionaea inahitaji kulala. Kwao siku zinakuwa fupi na baridi inaingia, nayo inapumzika miezi mitatu au minne. Ukiiwashia saa 14 mwaka mzima kwenye chumba chenye joto, itakwenda vizuri kwa muda, kisha itaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Ukifika wakati, punguza taa taratibu mpaka saa 9 au 10 kwa siku na uitafutie mahali penye baridi, chini ya nyuzi 10 lakini pasipogandisha mizizi. Capensis, Nepenthes na Pinguicula yako hazihitaji usingizi huo, waendelee na taa yao.

Bi_Mizizi

Na ikiamka, ikate ua mapema kama bado ni dhaifu. Ua linakula nguvu nyingi kuliko mitego.

MlangoWaMashariki

Wiki ya sita leo, nimeona niwaletee habari. Taa iko sentimita 22, saa 14, taima inafanya kazi. Simu inasoma luksi kama 16,000 katikati na 6,000 pembeni.

Capensis zilianza kwanza, wiki ya pili nilizikuta asubuhi zimejaa umande mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Dionaea majani ya zamani yamekauka yote, nilitaka kukata tamaa, lakini sasa ina matano mapya, mafupi, yanasimama, na mitego miwili imeanza wekundu ndani. Nzi sijailisha hata mmoja.

Nepenthes bado haijafungua mtungi. Ila kwenye jani la mwisho ncha haikukauka safari hii. Imevimba, ukubwa wa punje ya mchele, na inageuka kutazama juu.

Umande_wa_Usiku

Usiiguse. Usiisogeze hata sentimita moja, na hewa yake isikauke. Wiki tatu au nne hivi utuambie rangi yake, pengine tutakusaidia kutambua ni chotara wa nini.