Mjadala: Dreadnought au South Carolina, ipi ilipangwa mizinga kwa akili zaidi?

Wakuu, tukizungumzia manowari za mwanzo wa karne ya 20, sifa zote huenda kwa HMS Dreadnought ya Uingereza. Mimi nasema kwa upangaji wa mizinga, South Carolina ya Marekani iliipita.

Dreadnought ilibeba mizinga 10 ya inchi 12 katika minara mitano, na miwili kati ya hiyo ilikaa mbavuni, mmoja kila upande. Adui akiwa kulia, mnara wa kushoto haumfikii. Inapiga mizinga 8. Miwili inangoja tu, pamoja na uzito wake, baruti yake na watu wake. Wamarekani, waliobanwa na Bunge lao wasizidi tani 16,000, waliweka minara minne yote kwenye mstari wa katikati ya meli, mbele miwili na nyuma miwili, mmoja ukiinuliwa ufyatue juu ya mwenzake. Mizinga 8, na yote inapiga upande wowote.

— Mkuu, unaipima meli kwa mizinga peke yake. Dreadnought ilikuwa na turbini za mvuke za Parsons, ikikimbia maili 21 za baharini kwa saa. South Carolina ilibaki na injini za pistoni, mwendo kama 18 na nusu. Mwenye mbio ndiye anayechagua umbali wa kupigania. Halafu walengaji wa Kiingereza walichungulia kwenye matundu ya paa la mnara. Mshindo wa mzinga wa juu ungewaumiza, ndiyo maana mnara haukuinuliwa juu ya mwenzake. Na Dreadnought iliingia kazini Desemba 1906, mwenzake 1910!

— Kwa mwendo sibishani nawe. Ila hayo matundu yananisaidia mimi. Orion, manowari nyingine ya Uingereza iliyokamilika 1912, ilikuwa na minara iliyoinuliwa, lakini wa juu ulikatazwa kufyatua moja kwa moja juu ya wa chini, kwa sababu matundu yaleyale yaliachwa paani. Miaka yote hiyo! Na mlingoti je? Kwenye Dreadnought waliuweka nyuma ya dohani ya mbele, uwe pia tegemeo la kuinulia mashua. Moshi na joto vikawapanda waangalizi waliokaa juu kufuatilia makombora yanaangukia wapi. Meli iliyoundwa kupiga mbali inazibwa macho na moshi wake yenyewe, na Orion ikarudia kosa hilohilo. Anayeitetea kamati ya Admirali Fisher, iliyoibuni Dreadnought, anieleze kwanza mlingoti ule.