Nyimbo za wengine, saksafoni yako: hiyo ni kazi mpya?

Wakuu, naomba tujadili. Agosti 1961, New York, mwanamuziki wa jazi Lee Konitz alirekodi albamu ya Motion: yeye na saksafoni ya alto, Sonny Dallas kwenye besi, Elvin Jones kwenye dramu. Hakuna piano. Nyimbo ni tano na zote ni za watunzi wengine, zilizokwisha kupigwa na kila bendi Marekani. Wapo wanaosema huo ni uvivu, kwamba mwenye kipaji atunge chake. Mimi nasema ile ni kazi mpya kabisa. Anayepinga alete hoja.

— Mkuu, tatizo langu si uvivu, ni jina. Kwenye kasha nasoma "All of Me". Naweka, nasikiliza, wimbo wenyewe siusikii! Anaanza kubuni melodi zake papo hapo, na piano ya kunionyesha tulipofika haipo. Basi angeupa jina lake.

— Mimi niko katikati. Sonny Rollins, mpiga saksafoni mwingine, naye mwaka 1957 alirekodi Way Out West huko Los Angeles bila piano, akiwa na Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye dramu. Lakini "I'm an Old Cowhand" unausikia wazi kwanza, Manne akigonga kama kwato za farasi, ndipo Rollins anaanza safari yake. Konitz anatunyima mlango wa kuingilia.

— Narudi mimi mleta mada. Nianze na hilo la jina, maana ndilo zito. Konitz aliwahi kufanya hivyo unavyotaka: "Subconscious-Lee" ya 1949 imejengwa juu ya mfuatano wa akodi za wimbo wa Cole Porter, ikapewa melodi mpya na jina jipya. Mpiga saksafoni Charlie Parker alifanya vivyo hivyo na wimbo "Cherokee" mwaka 1945, ikawa "Ko-Ko". Njia hiyo ilikuwa na faida, kwa sababu mrabaha humwendea aliyetunga melodi mpya. Kwa hiyo mwaka 1961 Konitz aliijua vizuri, na bado akaacha majina ya asili. Huo ni uaminifu kwa mtunzi, na kwa msikilizaji pia: anakwambia ushike wapi.

Kuhusu mlango, jaribu hivi. Anza kuimba "All of Me" kimoyomoyo tangu wanapoanza kupiga, baa 32 (vipande vya mapigo vinavyounda wimbo mzima), kisha rudia. Utashangaa: Jones anasukuma na kuvuruga mapigo kila upande, ila Konitz hapotei, na wimbo wote upo. Kosa lake liko wapi?