Faiba, 5G au setilaiti: nyumba ya ghorofani Bamburi

MamaTwahir
Assalam aleikum jamani. Tumehamia Bamburi, Mombasa, ghorofa ya pili, na mwenye nyumba amekubali waya upitishwe. Bando za simu zimenimaliza. Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wako Ujerumani, saa moja hadi saa tatu usiku. Saa hizo hizo watoto watatu wanataka katuni, kila mmoja yake. Sitaki kupita Sh 4,500 kwa mwezi. Nichukue nini?

Bandarini
Dada, chukua faiba, ule waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga. Septemba 2024 Safaricom waliongeza kasi bila kugusa bei: kifurushi cha Sh 2,999 kikatoka Mbps 10 (kipimo cha kasi) hadi 15, cha Sh 4,100 kikatoka 20 hadi 30. Uliza bei ya leo kabla hujalipa. Katuni moja ya HD hula kama Mbps 5, na darasa lako halifiki hapo. Piga hesabu: 30 zinakutosha na chenji inabaki.

FundiKisauni
Hesabu ni sawa, ila Mbps hazishuki nguzoni kukutengenezea waya uliokatika. Mwaka jana wachimba mitaro ya maji walikata waya mtaani kwetu, tukakaa siku tisa bila mtandao. Kampuni siitaji. Ng'ambo ya barabara walikuwa na kampuni nyingine, waya wao umepita juu ya nguzo, hawakujua hata kuna shida. Kwa hiyo usianze na bango la bei. Shuka kwa jirani wa chini, muulize: ikikatika, fundi huja baada ya siku ngapi?

Na 5G, intaneti ya mnara wa simu, usiitupe; rauta yake ni ya kuchomeka tu, na ukihama unahama nayo. Lakini mnara mmoja mnagawana mtaa mzima. Azima simu ya 5G, simama kwenye dirisha ambalo rauta itakaa, upime saa mbili usiku, siku tatu mfululizo. Ukipima saa nne asubuhi utaona namba tamu ambazo jioni huzipati, nawe kazi yako ni jioni.

ShambaKikambala
Huku kwangu waya haufiki, niko setilaiti. Starlink, mtandao ninaotumia, iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, si 36,000 kama zile za madishi ya zamani, ndiyo maana unaongea na mtu bila kusubiri sauti irudi. Lakini dishi linataka uwazi. Mimi nililifunga karibu na minazi miwili: kusi likivuma, kuti likipita mbele, picha inaganda, kisha inarudi. Ilibidi nisimamishe mlingoti juu ya paa. Wewe paa si lako, mama, usijitie huko.

MamaTwahir
Ahsanteni. Na stima ikipotea katikati ya darasa?

FundiKisauni
Faiba ya nyumbani kwa kawaida haihitaji stima huko njiani, mwanga tu ndio unaopita. Vinavyozimika ni vile viwili vya kwako, kisanduku unamoingia waya wa faiba, na rauta. Nunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, itavishikilia saa kadhaa. Jambo jingine: fundi akija atataka kuiacha rauta mlangoni kwa sababu waya umeishia hapo. Mkatalie. Kuta zetu za mawe ya tumbawe hula mawimbi vibaya. Ivutwe hadi koridoni, na kompyuta ya darasa uichomeke kwa waya.

Bandarini
Na weka bando kidogo kwenye simu, ya kampuni tofauti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, zinazotuletea intaneti kutoka nje, zilikatika siku moja, faiba na simu zikasuasua pamoja, lakini si kampuni zote zilizoumia sawa.

MamaTwahir
Nimeshuka kwa jirani. Anasema faiba yake ilikatika mara mbili tangu Januari, fundi akaja kesho yake mara zote mbili. Namba ya fundi nimeichukua. Leo saa mbili usiku shemeji analeta simu yake ya 5G, nipime dirishani kabla sijalipa.