Kozi za onlaini za haki za watoto: mnatuuzia sheria za Marekani halafu mnasema mnatuandaa kwa kazi za Ustawi wa Jamii!

Wakuu, nipo Nkuhungu hapa Dodoma na leo nina hasira, ntaandika kama inavyokuja.

Kuna jamaa wanauza kozi ya onlaini ya haki za watoto waliokinzana na sheria, jina siweki ila mlioko kwenye magrupu ya Ustawi mnawajua. Tangazo linasema utafanya kazi na vijana wa hapahapa nyumbani, cheti utapata, fildi (mafunzo kwa vitendo) utatafutiwa. Nikalipa laki tatu na nusu, hela ya alizeti ya bi mkubwa kule Kongwa, nikajua ndo natoka.

Sasa fungua humo ndani uone! Marekani mwanzo mwisho. Mahakama ya watoto ya kwanza Chicago 1899, sawa tumesikia, halafu kesi ya yule dogo Gault wa Arizona, miaka 15, mpaka Mahakama ya Juu ya kwao ikasema 1967 kwamba mtoto naye ana haki ya wakili, na kesi yenyewe ni nzuri sikatai. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009? Hamna, hata ukurasa mmoja. Unamaliza moduli hujaambiwa kwamba Mahakama ya Watoto hapa kwetu inakaa jengo au chumba tofauti na cha watu wazima, afisa ustawi lazima awepo, wala namna ya kuandika ile taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayomwambia hakimu huyu dogo katokea wapi na nyumbani kukoje, na hiyo taarifa ndo kazi yenyewe jamani!

Kilichonivuruga kabisa ni kwizi. Swali: mtoto wa miaka 16 akikutwa na hatia anaweza kufungwa jela? Nikajibu hapana, maana kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinasema mtoto hapewi adhabu ya kifungo, ndo maana kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya, wanakopelekwa watoto badala ya jela. Mashine ikanipa eksi nyekundu. Jibu lao eti ndiyo, akihamishiwa mahakama ya watu wazima. Ya wapi hiyo?? Nikamtumia mkufunzi skrinishoti ya kifungu kizima, tiki za bluu hizo hapo, kakausha mpaka leo.

Vipindi vya laivu ni saa tisa usiku, eti kwao ndo jioni, na bando linakata katikati. Fildi nayo wakaniambia "ongea na halmashauri yako". Nimeenda, dada wa pale akaniuliza kwa upole tu, "mdogo wangu, barua ya utambulisho ya chuo iko wapi?" Sina, hawatoi.

Nataka hela yangu. Mliowahi kurudishiwa mlipitia wapi, FCC (Tume ya Ushindani) au polisi? Na wewe mkufunzi najua humu upo, jibu ile meseji.