Mjadala: Kanisa la mbao likibadilishwa boriti na nguzo, bado ni urithi?

Kila yanapotajwa makanisa ya mbao ya Chiloé, visiwa vya kusini mwa Chile, kuna hoja mbili zinazorudi. Ya kwanza inasema ukishang'oa boriti iliyooza ukaweka mpya, kisha nguzo, kisha ukuta, utabaki na jengo jipya lenye jina la zamani, na jengo jipya si urithi. Ya pili ni ya watu wa hesabu: mbao zinaoza, ukarabati hauishi, basi kijiji kijengewe kanisa la zege na lile la kale libaki kwenye picha. Mimi nazipinga zote mbili, ila ya kwanza inanisumbua zaidi kwa sababu husemwa na watu wanaoyapenda majengo haya.

Tuanze na namna yalivyojengwa. Wamisionari Wajesuiti walifika Chiloé mwaka 1608. Walikuwa wachache na visiwa vingi, hivyo kila mwaka walizunguka kwa mashua kutoka kijiji hadi kijiji, wakikaa siku chache tu kila mahali. Muda wote uliobaki kanisa lilikuwa mikononi mwa mlei wa pale pale kijijini, aliyeitwa fiskali. Yeye ndiye aliyesalisha na kufundisha. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti, Wafransisko wakaja baadaye, lakini desturi ya kijiji kutunza kanisa lake haikufukuzwa na mtu.

Na waliojenga ni nani? Ni watu waliojua kuunda mashua. Tazama dari la tao katikati ya makanisa hayo, utaona mataruma ya chombo kilichopinduliwa. Kanisa la Achao, linalohesabiwa kuwa la zamani kuliko yote yaliyosalia, ni la karne ya 18, na mbao zake ziliunganishwa kwa vigingi vya mbao badala ya misumari. Watu wa namna hiyo hawakudhani hata siku moja kwamba ubao ni wa milele. Mtu wa mashua anajua ubao wa chini utaoza na siku moja atautoa. Alijenga viungo vinavyofunguka. Kumwambia mjukuu wake leo kwamba akibadilisha boriti anaharibu urithi ni kumnyima sehemu ya urithi wenyewe.

Wanaoshikilia umri wa ubao wajibu jambo hili: UNESCO ilipoyaandika makanisa 16 ya Chiloé kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mojawapo lilikuwa la Mtakatifu Fransisko mjini Castro, lililoanza kujengwa mwaka 1910 na kufunikwa mabati kwa nje. Si la kale kwa kipimo chochote. Kilichoangaliwa ni useremala na mapokeo, na hayo yako ndani yake tele.

Sisemi kila nakala ni sawa. Norway kuna kanisa la mbao la Fantoft. Lilihamishwa kutoka kijiji cha Fortun mwaka 1883 likapelekwa karibu na Bergen, likachomwa moto mwaka 1992, likajengwa upya kwa umbo lile lile. Kazi ya mikono ni nzuri na naiheshimu. Lakini kijiji kilichokuwa kinalitunza kilishaachwa nyuma zaidi ya miaka mia kabla ya moto ule. Lilinganishe na Tenaún kule Chiloé, minara yake mitatu ikitazama maji, watu wakiwa bado wanasali humo. Hata mbao zote za Tenaún zingebadilishwa moja moja kwa miaka mia, bado ningelipa uzito kuliko Fantoft.

Hatari ninayoiona mimi iko msituni. Vigae vya mbao vya zamani vilichongwa kwa alerce, mti unaokua polepole sana na kuishi hata zaidi ya miaka elfu tatu. Chile iliutangaza kuwa mnara wa asili (monumento natural), yaani mti unaolindwa kisheria, mwaka 1976, na kuukata ukiwa hai ni marufuku. Uamuzi sahihi kabisa! Lakini ina maana kwamba fundi anategemea mbao za miti iliyokwisha kufa, kwa kibali, au atumie mti mwingine. Pesa za urithi zikiishia kwenye rangi ya ukuta wa mbele kwa ajili ya watalii, huku hakuna kijana anayefundishwa kuchonga kiungo wala mti unaopandwa kwa ajili ya paa la wajukuu, hapo kweli kanisa litakufa, tena likiwa limepakwa rangi nzuri.

Kwa wale wa zege: makanisa haya yaliwekwa mahali ambapo wavuvi na mabaharia wangeyaona kutoka majini. Ukibadilisha jengo, au ukiinua jengo refu jirani, umeharibu na mandhari. Ghorofa la maduka lililojengwa Castro liliitia wasiwasi Kamati ya Urithi wa Dunia kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nawaachia uwanja, hasa wenye ufundi wa mbao na wanaofahamu sheria za mambo ya kale. Alerce ikikosekana, fundi atumie mti mwingine wa pale pale visiwani na kanisa libaki la mbao, au asubiri ubao wa asili huku mvua ikiingia? Mimi nasema atumie mti mwingine, leo. Anayepinga alete hoja.