Wakala alituuzia "kupita bila foleni" Bwindi, mahali pasipo na foleni

Ndugu wanajukwaa, salaam aleikum na habari za siku nyingi. Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini leo naandika kwa uchungu na nitaandika kwa urefu, kwa sababu tangazo lilelile lililotutia hasarani nimeliona likirushwa tena wiki hii kwa wanaojiandaa na safari za Desemba, na sitaki mtu mwingine amsafirishe mzee wake kutoka mbali aje kusimamishwa mlangoni mwa hifadhi kama mtu aliyekuja kuiba.

Mimi nauza vitenge Kikuubo, hapa Kampala. Mama yangu alizaliwa Tanga, na kaka yake, yaani mjomba wangu, ni mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye miaka 68. Kwa miaka mingi aliwachorea wanafunzi wake ubaoni ramani ya Maziwa Makuu, na kila alipofika kwenye ile kona ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana, aliwaambia kwamba humo milimani wanaishi gorila, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja. Mwaka huu mimi na mume wangu tukaamua kwamba mjomba na mkaza mjomba waje, twende nao Bwindi, msitu wa hifadhi ya gorila kusini-magharibi mwa Uganda, wote wanne, maadamu miguu yake bado inapanda kilima.

Tarehe ya kwenda msituni ilikuwa 11 Julai, na wakala tulimlipa tarehe 2 Mei, wiki kumi kabla. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye alijitetea kwamba tulichelewa.

Bei za vibali si siri. Hupangwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na tangu Julai 2024 mgeni asiye mkaazi hulipa dola 800 kwa kibali kimoja cha kuwaona gorila, mgeni mkaazi dola 700, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Sisi wanne ni raia wa Jumuiya, wawili wa Uganda na wawili wa Tanzania, kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa shilingi 1,200,000. Wakala alitutoza 1,800,000. Ile 150,000 iliyoongezwa kwa kila kichwa aliiandika kwenye stakabadhi kuwa ni "ada ya kupita bila foleni", na nilipomuuliza ni foleni ipi, alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Mama, nyinyi mnaolipa kwa shilingi mnawekwa nyuma ya wanaolipa kwa dola. Bila hii mtafika pale muambiwe familia zimejaa."

Niliamini. Nakiri wazi kwamba niliamini, na sababu yake kila Mwafrika Mashariki aliyewahi kupanga safari ndani ya nchi zake anaijua: tumezoea kupitwa. Tumekaa kwenye mahoteli ambamo mhudumu humkimbilia mgeni wa dola nasi tukibaki na karatasi ya vyakula mkononi, kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hata msituni utawekwa nyuma, huoni la kushangaza, unatoa pesa ili mjomba wako asidhalilike. Wakala yule alijua anauza nini. Alituuzia hofu yetu wenyewe, akatoza shilingi 600,000 juu yake.

Ukweli wa Bwindi, ambao ningeujua kama ningepanda teksi dakika chache tu hadi ofisi za Mamlaka pale Kamwokya, ni kwamba hakuna foleni ya kupitwa na mtu yeyote. Kuna idadi. Kila familia ya gorila iliyozoeshwa kuona watu hutembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa muda wa saa moja tu, na utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya gorila wenyewe, kwa sababu mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwaua. Ndiyo maana mtu anayekohoa hurudishwa hata kama kibali chake ni halali, na watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Kibali hutolewa kwa jina, kwa tarehe na kwa kituo. Ukishakuwa nacho, wewe ni mmoja wa wanane, uwe ulilipa shilingi au dola, na hakuna nafasi ya tisa inayouzwa uvunguni. Kwa hiyo anayekuuzia "kupita bila foleni" Bwindi anakuuzia ama nafasi ya mtu mwingine, ama hewa.

Jambo la pili ambalo wakala alipaswa kulijua, kwa sababu ndiyo kazi anayoilia chakula, ni kwamba Bwindi ina vituo vinne vya kuanzia safari: Buhoma upande wa kaskazini, Ruhija upande wa mashariki, na Rushaga na Nkuringo upande wa kusini. Kwenye ramani msitu wote ni kilomita za mraba 321, na mtu anayetazama ramani tu anaweza kudhani kwamba kutoka kituo kimoja hadi kingine ni kama kutoka Wandegeya hadi Ntinda, mitaa ya hapa Kampala. Kule ni milima mitupu. Kutoka Buhoma hadi Rushaga gari huuzunguka msitu kwa saa kadhaa kwenye barabara za udongo zinazopinda kando ya makorongo, na kwa kuwa wageni hukusanyika asubuhi kupewa maelekezo kabla ya kuingia msituni, mtu aliyeamka kwenye kituo kisicho chake ameshaikosa siku yake. Tulimwandikia wakala, na ujumbe ninao, kwamba tutalala Buhoma na tunataka vibali vya Buhoma. Alijibu: "Imethibitishwa."

Tulisafiri mchana kutwa kutoka Kampala. Mjomba hakusinzia hata kidogo. Alikaa mbele na dereva akitaja mito na vilima kwa majina, mengine akiyakosea na kujisahihisha. Usiku ule alifunga na kufungua mkoba wake mara nyingi kuhakikisha pasipoti yake ya Afrika Mashariki imo, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kwamba bila kitambulisho cha uraia bei ya shilingi haikubaliki. Asubuhi alikuwa wa kwanza kutoka nje, amechomeka suruali ndani ya soksi kama alivyoelekezwa kwa ajili ya siafu, na amekwisha kuchagua fimbo yake kwa wale vijana wanaozikodisha.

Saa moja na nusu tulikuwa mbele ya askari wa hifadhi. Alikuwa kijana mpole mwenye ubao wa karatasi mkononi. Alipokea pasipoti za wazee na vitambulisho vyetu, akaanza kushusha kidole kwenye orodha, jina kwa jina, hadi chini, kisha akakirudisha juu na kuanza upya. Akageuza karatasi. Akaomba kuona vibali. Nikampa ile karatasi ya wakala yenye muhuri mwekundu na picha ya gorila dume, akaisoma na kuniambia kwa sauti ya chini, ili watu wengine wasisikie, kwamba hiyo ni stakabadhi ya kampuni wala si kibali. Namshukuru sana kijana yule kwa kuishusha sauti yake.

Tulimpigia wakala mara tisa kabla hajapokea. Baada ya kukata na kupiga tena, alituma kwenye simu picha za vibali viwili, na viwili hivyo vilikuwa halali kweli, vyenye jina langu na la mume wangu, vya tarehe ileile, lakini kituo kilichoandikwa kilikuwa Rushaga, na tarehe ya kununuliwa ilikuwa siku nne tu kabla. Vibali vya mjomba na mkaza mjomba havikuwepo kabisa. Pesa zetu alikaa nazo zaidi ya miezi miwili katika msimu ambao kila mtu anajua vibali hugombaniwa, kwa maana Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya ukavu ambayo wageni humiminika, halafu akaenda dakika za mwisho kuokota kilichobaki. Nilipomuuliza inakuwaje atuletee vya Rushaga nasi tuko Buhoma, akanijibu: "Dada, Bwindi ni Bwindi." Hapo nilikuwa nimekwisha kuwa dada, umama ulikwisha alipopokea pesa.

Mjomba alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, akiwatazama wenzetu wakigawanywa katika makundi, kila kundi na mwongozaji wake na wapagazi wake, hadi wa mwisho walipoingia kwenye njia ya msituni. Kisha akaja akaniambia, "Mwanangu, usilie mbele za watu. Mimi nimeuona msitu." Akairudisha fimbo kwa kijana aliyemkodisha, na alipotaka kurudishiwa pesa kijana akampa zote, hata senti hakukata.

Kinachoniumiza zaidi kila nikikumbuka ni vile vibali viwili vya Rushaga. Siku ile nafasi mbili zilikaa wazi upande wa kusini wa msitu, zimelipiwa, hazina mtu, katika mwezi ambao kuna watu waliokuwa wakizitafuta kwa udi na uvumba. Anayejigamba kuuza njia ya kukwepa foleni ndiye aliyetupa nafasi mbili za watu.

Jina lenyewe la huduma hii limeokotwa kwenye safari za Ulaya, na hata huko halina maana anayoipa yeye. Kwenye majengo mashuhuri ya huko, tiketi ya namna hiyo mara nyingi hukuondolea foleni ya dirisha la kununulia tu, na ukaguzi wa usalama unausubiri kama wenzako. Roma walichoshwa na walanguzi waliokuwa wakikomba tiketi za Colosseum, ule uwanja wao wa kale, na kuziuza tena kwa bei za kuruka, hadi tangu Oktoba 2023 tiketi ikawa inaandikwa jina la mgeni. Bwindi jina lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye kibali tangu zamani, kwa hiyo ulinzi upo, isipokuwa wakala anauzunguka kwa kutokupa kibali chenyewe.

Katika tangazo lake hilohilo ameorodhesha pia "kupita bila foleni kwenye kivuko cha Paraa" kwa wanaokwenda hifadhi ya Murchison. Paraa sasa kuna daraja, ndugu zangu. Magari yanavuka Naili juu ya daraja, na mtu huyu bado anachukua pesa za watu kwa foleni ya kivuko.

Sasa kuhusu pesa. Tuliporudi Kampala nilimwendea ofisini. Kwanza alisema vibali havirudishiwi pesa. Nikamuuliza vibali gani, maana viwili hakuvinunua. Akasema alivitafuta akavikosa. Nikamuuliza kama alivikosa, mbona hakuturudishia shilingi 600,000 zake, na mbona aliandika "imethibitishwa". Akasema mhasibu yuko safarini. Baada ya wiki mbili alituma shilingi 200,000 kwa simu bila neno lolote, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu wala za mume wangu.

Msimamo wangu ni huu. Wakala halali anayo haki ya kulipwa kwa kazi yake. Gari, dereva na mpango wa malazi vina gharama, na wapo waongozaji waaminifu ambao kazi yao inaharibiwa jina na watu wa aina hii. Lakini kibali ni kibali, na mteja anayo haki ya kukishika mkononi, au kukiona kwenye simu yake, chenye jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na kituo, muda mrefu kabla ya kupanda gari. Wakala akikuambia kwamba vibali "utavikuta kulekule", usimpe hata shilingi moja. Akikutajia ada yoyote ya foleni kwa gorila, ondoka ofisini kwake hapohapo. Na kabla ya safari chukua namba za vibali hivyo, uende mwenyewe Kamwokya uwaulize kama majina yenu yamo. Mimi nilikwenda baada ya msiba kutokea, na karani alichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai kuniambia kwamba jina la mjomba halikuwahi kuingia popote.

Wanaojua taratibu za sheria humu ndani naomba wanisaidie jambo moja: kwa kuwa malipo yote yalipitia simu na ujumbe wa "imethibitishwa" upo, je, nianze na polisi au niende moja kwa moja kwenye mahakama ya madai madogo? Na wengine mliowahi kutozwa "ada ya kupita bila foleni" katika hifadhi yoyote ya Uganda, wekeni stakabadhi zenu hapa chini, mkificha majina na namba za simu lakini mkiacha tarehe na kiasi vionekane, ili ijulikane tuko wangapi.

Kwake wakala, ambaye najua anasoma humu kwa sababu anatangaza humu: katika shilingi 1,800,000 ulizopokea umerudisha 200,000. Nadai 1,600,000 zote, pamoja na za vile vibali vya Rushaga, kwa sababu tulikuandikia Buhoma ukajibu kwamba imethibitishwa. Una hadi tarehe 30 ya mwezi huu. Ikipita, nafungua shauri, na nitarudi kwenye uzi huu kuandika namba yake.